Mvua ya Kauthar Haikupata Kiroba

Kauthar, binti wa Maftah fundi cherehani wa Tarime mjini, alimuaga baba yake kwamba anakwenda machimboni Kwa Mogesi kuchaji simu za watu. Hakudanganya. Dhahabu ilikuwa imetoka huko, wachimbaji wamemiminika kutoka kila mkoa, na mtu anayeshinda ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, hana muda wa kutafuta umeme. Ila alichokificha ni kwamba ndani ya kile kibanda cha mbao, nyuma ya rundo la simu za wateja, alikuwa anatengeneza gemu kwenye kompyuta kuukuu. Tena si kagemu ka kupitishia muda, weee! Gemu kubwa: kijiji kizima cha machimbo, maduara yake, karasha linalosaga mawe, duka la fundi cherehani, vilima mpaka bwawa la Manchira, na mchezaji anatembea popote roho inapomtuma.

Matatizo yalianza kwa wema wake mwenyewe. Kauthar hakuwa na cha kuwalipa waliomsaidia, basi akaiga wachimbaji: kila aliyetia mkono apate mgao. Mzee Mogesi, mwenye duara, alimpa umeme wa sola. Mgao wake ukawa dume lake la ng'ombe lililokufa mwaka juzi, likarudishwa ndani ya gemu linakula majani na kunguruma. Mama Wegesa alimpa ugali kila mchana. Naye akawekewa kibanda chake na sufuria linalotoa moshi. Mabula, mchimbaji wa Kisukuma, alikuwa akilijaribu gemu kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Yeye akaingizwa kicheko. Mchezaji akipata dhahabu, Mabula anacheka. Na kicheko chenyewe, jamani, ukikisikia unageuka kuangalia nani amepandwa na wazimu.

Ndipo habari ikaja. Jumamosi wageni kutoka Mwanza watafika Tarime kuchagua kijana mmoja, wakamfundishe kazi hiyo ya gemu mwaka mzima. Masharti mawili: gemu lisizidi MB mia moja, na lifunguke kwenye simu ya bei ya chini. La Kauthar lilikuwa na mia moja na sitini. Kwenye simu ya Mabula liliganda picha ya kwanza tu, na simu ikapata moto wa kunyooshea kola ya shati.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kulitengeneza upya lote likawa jepesi na zuri vilevile kungetaka miezi sita. Kauthar akaamua: waliopewa mgao watoke ndani ya gemu.

"Shikamoo, Mzee Mogesi."

"Marahaba, mura." Mogesi aliita kila kijana mura, neno la Kikurya la kijana wa kiume, hata binti; Kauthar alishachoka kumsahihisha. Alipomweleza, mzee aliinuka. "Yule ng'ombe alishakufa mara moja. Wewe unataka afe tena?" Akaondoka, na baada ya muda mfupi umeme wa kibanda ukakatika.

Kwa Mama Wegesa hali ikawa mbaya zaidi. "Nitoe tu, mwanangu," alisema huku akisonga. "Halafu mchana ukale hilo gemu lako."

Kauthar alirudi kibandani amenuna, akamkuta Mabula amekaa na viziba vya soda mkononi.

"Dada Kauthar, hapa hakuna ugomvi, kuna mgao. Tugawe." Akapanga viziba kumi mezani. Kila kiziba kiroba, kama viroba vya mawe wanavyogawana wachimbaji, na kila kiroba MB kumi. "Ardhi, maduka na wachimbaji?"

"Viroba vitano."

"Karasha na sauti zake?"

"Viwili."

"Sisi wasumbufu? Ng'ombe, ugali, na mimi?"

Kauthar akashusha sauti. "Vitatu."

Mabula akavitazama viziba. Vimekwisha. "Sasa hivyo viroba sita vinavyozidi ni vya nani?"

Vilikuwa vya mvua. Kauthar alijua tangu mwanzo, ila alikuwa anajifanya haoni. Miezi minane aliichora mvua ile ikishuka kutoka vilimani, tone kwa tone, mpaka ikafika mlangoni kwa fundi cherehani. Maana utotoni mwake mvua ikinyesha bati lilipiga kelele, wateja hawaji, baba anafunika cherehani na kukaa naye mlangoni. Siku nyingine zote Maftah alikuwa na kazi za watu.

"Tuipunguze," alisema. Wakaipunguza, kwa chaji iliyobaki kwenye kompyuta. Ikawa kama mtu anamwaga dengu juu ya bati. Wakaipunguza tena; simu ikaganda tena.

"Kundini kwetu duarani," Mabula alisema taratibu, "anayegawa anachukua mwisho. Ndiyo maana anagawa kwa kumwogopa Mungu. Anayegawa leo ni nani?"

Kauthar alimchukia Mabula kwa dakika nzima, chuki ya kweli kabisa. Kisha akaifuta mvua yote. Alilia huku anafuta, na Mabula akajifanya anatafuta kiziba kilichoanguka.

Jumamosi gemu lilifunguka kwenye simu ya mgeni kabla hajamaliza kukohoa. Alipopata dhahabu kicheko kikatoka, ukumbi mzima ukaangua kicheko nao. Kauthar akachaguliwa. Mogesi, dume lake likiwa palepale, alishangilia mpaka sauti ikamkauka, na Kauthar alipomuuliza kama ameona pengo la mvua, mzee akakunja uso. "Mvua gani, mura?"

Miezi minane! Mvua gani!

Jioni hiyo Kauthar alimwekea baba yake gemu kwenye simu, akarudi machimboni kufunga kibanda. Kesho yake asubuhi Maftah akampigia.

"Nimezunguka kijiji chote, mwanangu. Ng'ombe nimemwona, ugali nimeuona, huyo kijana anacheka kama mwehu. Hongera, mashallah."

"Asante, baba."

"Ila nimefika pale mlangoni kwa fundi cherehani, nikasimama. Nimesubiri mpaka chaji inakwisha." "Mbona hapanyeshi?"

Kauthar alisikia cherehani upande wa pili, kisha ikasimama. Baba alikuwa ameacha kushona, anamsubiri.

"Itanyesha, baba," alisema. "Nipe huo mwaka mmoja."