Maharagwe ya Shimo Moja

Senge yangu, dada wa baba, alianza kuona kila kitu mara mbili, na akalichukulia kama mzaha. Nikifika kwake Kabuchai kutoka Kitale, ninakouza viatu vya mitumba, ananipokea mlangoni, akiniita papa, yaani baba, kama mashangazi wa kwetu wanavyowaita watoto wa kaka zao: "Karibuni, papa, nyote wawili!" Lakini alipoanza kuyumba njiani, na chai ikawa inampalia kila akinywa, nilimpeleka hospitali.

Daktari alituonyesha picha ya kichwa. Uvimbe ulikuwa kwenye shina la ubongo, kule chini ubongo unakoshikana na uti wa mgongo. Akasema kwa upole kwamba hawezi kuupasua. Badala yake angetibiwa kwa mionzi, na matayarisho yangeanza Jumatano. Niliitikia "sawa, daktari" kama mara kumi. Nilikuwa nimeelewa nusu, na mimi nusu nyingine huwa naijaza kwa ndoto: nilishajiona mtangazaji wa redio, Senge anasikiliza jikoni, mzima kabisa.

Nyumbani baba mdogo alikataa. "Ati hawezi? Jino likioza si linang'olewa? Huyo ameogopa tu. Jumatano haendi popote. Tutafute mwingine wa kukata."

Senge akanitazama nieleze. Nikarudia tu kwamba daktari amesema hawezi. Basi Senge akasema atangoja huyo mwingine. Nafasi ya Jumatano ikawa inatuponyoka hivyo, kwa sababu mimi sikuweza kueleza kwa nini.

Asubuhi tukaingia shambani kuvuna maharagwe. Kwetu Kitale maharagwe yana mstari wake na mahindi mstari wake. Senge yeye hutia mbegu zote shimo moja, ati zisikilizane. Mimi sikujua. Nikashika shina la maharagwe, nikavuta kwa nguvu zote za ugali wa jana. Likaja. Na shina la mahindi likaja nalo, bichi, na hindi lake lenye nywele.

"We!" baba mdogo akapiga kelele. "Watu wa Kitale mmezoea trekta mpaka kwa akili! Unang'oa mahindi, bana!"

"Sasa niyatoe vipi?"

"Ya shimo moja hayang'olewi! Mizizi imeshikana. Chuma maganda, shina uliache."

Nikachuchumaa nikajaribu kuitenganisha ile mizizi kwa vidole. Nyuzi za maharagwe zilipita katikati ya zile za mahindi, na nyingine sikujua hata ni za nani. Hapo maneno ya daktari yakanirudia: uvimbe huu haukukaa kama yai ndani ya kiota. Umejipenyeza katikati ya ubongo wenye afya, hakuna mpaka ambao kisu kingeufuata.

"Baba mdogo, angalia," nikasema. "Kichwa cha Senge kiko hivi."

Senge alikuwa ameketi juu ya gunia, akipukuchua maharagwe. "Na hayo mahindi ni nini huko kichwani mwangu?"

"Ni kupumua, Senge. Na kumeza. Na mapigo ya moyo. Yote yanapita hapo. Daktari akikata uvimbe, anakata na hayo."

Mikono yake ikatulia. "Na mionzi itaumaliza?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. "Hakusema itaumaliza. Alisema inaweza kuupunguza, nawe upate muda mzuri wa kuishi."

Baba mdogo alichukua lile shina la mahindi, akalirudisha shimoni, akashindilia udongo kwa kisigino. Likaanguka. Akalisimamisha tena.

"Jumatano saa ngapi?" akauliza, bila kunitazama.

"Saa mbili asubuhi."

"Basi mimi ndiye nitamshika mkono. Wewe utatuangusha."

Jumatano hiyo, hospitalini, walimtengenezea barakoa ya plastiki yenye matundu, ya kukishika kichwa kisitikisike wakati wa mionzi. Senge akaigeuzageuza mkononi, kisha akamwomba dada mmoja wa mashine ya mionzi wasije wakaitupa akimaliza matibabu. Ana kuku anayetaga ovyo ovyo, na hiyo ingemtosha kabisa kuwa kiota.