Programu ya simu ya mabutoni, ni mi niliitengeneza!

Benye mulisema simu ya mabutoni ni maiti, mukuye muone!

Jana kaka Elia, mwenye alisomea mambo ya kompyuta, alinichekea mbele ya bantu:
"Ile simu hakuna muntu anaweza kuitengenezea programu. Na we, mudogo, uliacha masomo!"

Kweli niliacha. Lakini kichwa sikuiacha kule.

Leo asubuhi, ku port ya Baraka, nikafungua programu yangu. Inaonyesha boti zenye zinaenda Ubwari na saa ya kutoka.
Bamama ba samaki bakanizunguka. Bote bako na simu ya mabutoni!
"Mutoto wangu, nitiliye na mi!"

Kaka Elia akaleta simu yake kubwa ya kugusa kioo. Programu ikakatala kuingia.
"Mudogo, nitengenezee ya hii."
"Kaka, panga mustari nyuma ya bamama."

Benye simu kubwa bengine, muandike majina hapa chini. 😎