Kifua, Paja na Mguu wa Kushoto

Ngozi ya mpira iliyolowa mvua, imepakwa mafuta ya ng'ombe: nikiisikia harufu hiyo hata leo ninarudi Kadutu, mtaani kwetu Bukavu, kwenye kiwanja chetu kilichoinama kama paa la nyumba. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, majira ya mvua. Bukavu ni milima. Ukipiga mpira vibaya unateremka mpaka bondeni, na wewe unaufuata matopeni huku wenzako wanakucheka. Watoto wa Kadutu tulijua kitu kimoja tu: kupiga kwa kidole gumba, kwa nguvu. Ndipo akaja Monsieur Léon.

Alikuwa karani, mtu mweusi kama sisi, mgeni kutoka mbali, hana mke, na viatu vyake vilikuwa vizuri mno. Mpira ulikuwa wake. Alitukataza kupiga golini. Kwanza utulize kwa kifua, udondoke pajani, ndipo ushuke mguuni. Kisha kichwa, macho wazi. Kisha mguu wa kushoto, ambao mimi nilidhani Mungu alinipa wa kusimamia tu. Aliyekuwa kipa leo, kesho alicheza mbele. Rafiki yangu Bahati, aliyenizidi umri, alishika yote upesi. Mpira ulitulia kifuani pake kama mtoto aliyepata ziwa la mama.

Baba alikuwa amerudi kutoka Kamituga, kwenye mgodi wa dhahabu, na kikohozi. Nilipomwonyesha nilichojifunza, aliacha kula.

"Anawagonga kifua?"

"Hapana, papa. Ni mpira ndiyo unagonga."

"Kifua, paja, mguu mmoja. Na mimi walinianza hivyo hivyo."

Watu wa mgodi walikuwa wamemgonga kifua, wakamshika mapaja, wakamwambia asimame kwa mguu mmoja. Kisha wakampakia kwenye lori.

Tulikuwa na mechi na watoto wa Bagira, nami nilichaguliwa kucheza pembeni kushoto. Sijawahi kutaka kitu hivyo tena. Siku chache kabla ya mechi, baba akaja kiwanjani.

"Monsieur, unapima hawa batoto kwa ajili ya nani?"

Monsieur Léon akacheka, akanyoosha mikono mitupu. "Papa, mwenye kupima anaandika. Mimi naandika wapi?"

"Bengine banaandika mu kichwa."

Watoto wakacheka. Mimi nilitazama matope.

"Basi kaa uangalie, papa."

"Nitaangalia. Na siku ya mechi nitakuja."

Akaja kweli. Tukiwa katikati ya mechi, gari likasimama, akashuka mzungu mmoja, akasimama karibu na Monsieur Léon, naye Monsieur akawa anaonyesha kwa kidole: yule, na yule. Wakati wa mapumziko mzungu alimwita Bahati, akamwinamia, akamkamata goti. Baba hakungoja. Aliingia kiwanjani akanishika mkono.

"Tunaenda."

"Papa, mechi haijaisha!"

"Yako imeisha."

Watu wakapiga kelele: "Muzee, acha mutoto acheze!"

"Mutoto iko wa nani?" akajibu, wala hakugeuka.

Bahati alienda Kamituga na yule mzungu, maana mgodi ulikuwa na timu yake ya mpira. Mama yake alipewa kitenge kipya, na mimi nililia kwa wivu. Bahati alicheza mpaka goti lilipoharibika. Hapo wakampa taa wakamshusha chini. Kwa goti bovu huwezi mpira, lakini kuinama mule ndani unaweza. Alirudi Kadutu na kikohozi ambacho nyumbani kwetu tulikijua tayari.

Kama Monsieur Léon alijua, sijui. Sijaona mwalimu wa mpira kumshinda, na hilo ndilo linanitia shaka zaidi. Mtu hafundishi vizuri hivyo kama hana mnunuzi.

Mimi nilisoma kidogo sana. Nilichoma matofali, nikajenga nyumba yangu bila kumwomba mtu. Leo mjukuu wangu anafundishwa mpira na kijana anayewapiga video kwa simu, na wazazi wanashangilia. Wanasema kuna bwana atakuja kuwaona. Nimesema mtoto hapandi gari la mtu kabla sijaingia nyumbani kwa huyo bwana, nikakaa, nikamwona mke wake na watoto wake mwenyewe. Wananiambia mambo ya zamani yamepita. Mtoto amenuna, hagusi chakula. Anune. Mimi pia nilinuna, na mapafu yangu ni mazima.