Chupa ya Mafuta Mpakani

Nilitoka Bweranyange kwa sababu ya simu ya shemeji yangu. Dada yangu Adela, aliyeolewa Uganda ng'ambo ya mto Kagera, alikuwa mahututi na ananitaja. Jumuiya yetu ikaombea mafuta kidogo ya mzeituni nikampake. Nikayatia kwenye chupa ya soda, ndiyo niliyokuwa nayo.

Saa kumi na mbili asubuhi nikapanda bodaboda ya jirani yetu Deus. Redio ilikuwa imesema wakubwa wa nchi hizi mbili hawaelewani kuhusu mafuta ya magari, yapite wapi na nani ayauze. Petroli kwetu ikaadimika. Kufika Nkwenda, Deus akazima pikipiki.

"Mama Koku, iliyobaki ni ya kunirudisha tu. Nisamehe."

Nikadandia lori la ndizi.

Saa nne nilikuwa mpakani. Malori ya mafuta yamepanga foleni, madereva wanapika uji chini ya matela. Nikamuuliza mmoja, "Si walisema sisi na wao ni ndugu?"

"Ndugu wa kwenye hotuba, mama. Mimi hapa siku ya tisa sijaoga."

Kizuizini kuna tangazo. Nililisoma mwenyewe, neno kwa neno: NI MARUFUKU KUVUSHA MAFUTA. Askari kijana akaishika chupa yangu. Petroli ya magendo huvushwa kwenye chupa hizo hizo.

"Shikamoo mama. Hii nini?"

Yule dereva, aliyenifuata, akaninong'oneza, "Sema maji ya baraka."

Siwezi kudanganya juu ya kitu kilichoombewa. "Marahaba. Ni mafuta," nikasema. "Ya kumpaka mgonjwa."

Askari akanusa. Alielewa, nilimwona usoni. "Sasa mama, si ungenyamaza tu? Umeshatamka mafuta mbele za watu."

"Basi baki nayo, mimi nivuke."

"Siwezi. Mwenye mafuta lazima amsubiri mkubwa wetu wa kituo."

Nikakaa juu ya tofali mpaka saa tisa. Rozari nimeizungusha mara ngapi, sijui. Ng'ambo nayaona mabati ya nyumba za kijiji cha dada yangu. Mkubwa alipokuja alinusa, akacheka. "Haya si ya kanisani? Mwachieni mama wa watu."

Saa kumi nikafika. Wanaume walikuwa wameshawasha moto uani. Shemeji akaja, mikono kichwani.

"Alikuulizia mpaka saa nane. Namwambia yuko njiani, yuko njiani."

Nikaingia, nikampaka paji la uso na viganja. Havikuwa vimepoa sana.

Siku ya nne nikarudi. Malori yako pale pale, askari yule yule.

"Shikamoo mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Tumemzika."

Akavua kofia. Nikamwomba kalamu, akanipa. Kwenye lile tangazo, baada ya neno MAFUTA, nikaongeza kwa mwandiko wangu wa kisomo cha jioni: YA GARI. Askari akasoma, akatazama pembeni. Hakufuta.

Wenzangu wa jumuiya, mmeniuliza kama siku nyingine nitasema ni maji. Hapana. Nitasema mafuta. Wakubwa waligombania neno moja, wakaliandika nusu, na nusu iliyobaki akailipia Adela.