Kamba ya Katani na Kiuno cha Musyoka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja kule Kola, nilivaa sare iliyopigwa pasi vizuri nikitumaini kupewa kazi ya kudunga sindano. Sista Msimamizi, mama mfupi asiyecheka ovyo, akanipa tepu kama ya fundi wa nguo. "Pima viuno," akasema. "Sukari huanza hapo kabla ya kuonekana kwenye damu."

Nyinyi mnaoingia uuguzi leo, nisikilizeni. Kiuno hakipimwi pale mshipi unapokaa. Unapapasa ubavu wa mwisho, unatafuta ncha ya mfupa wa nyonga, kisha unapitisha tepu katikati, mtu akiwa ametoa pumzi bila kubana tumbo. Mafuta yanayozunguka ini na matumbo ndiyo mabaya, na hata mwenye miguu myembamba anaweza kuwa nayo.

Hayo ni rahisi kueleza. Shida ni wanaume. Nilipohamishiwa Masii, kila mmoja alinijibu kabla sijamgusa: "Sista, mimi ni thati-foo tangu nioe." Ni kweli namba ya suruali haikubadilika, lakini alikuwa ameishusha mwaka hadi mwaka, hadi tumbo likalala juu ya mshipi. Nilichoka kubishana na suruali! Daktari Mkuu wa pale akaniambia, "Achana na namba. Chukua kamba." Katani haikukosekana, kwa kuwa kina mama walikuwa wakisuka vyondo hapo nje. Unakata kamba ya urefu wa mtu, unaikunja iwe nusu, unaizungusha kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na moyo wake uko hatarini.

Nilimalizia kazi katika kliniki ya sukari, Machakos mjini, nikiwa nimezungushia watu wa kila aina ile kamba isipokuwa mume wangu. Musyoka ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na alisema tumbo lake ni heshima. Mwaka niliostaafu, sukari yake ikapanda, macho yakaanza kuona ukungu. Hapo akaogopa. Akakubali kamba, akapunguza ugali, akawa anatembea kila asubuhi. Miezi ikapita, ncha zikakutana. Nililia kwa furaha, siwafichi.

Ndipo dada zake wakaja, na kuku, na ndoo ya chapati, na nyuso za matanga. Kalunde, mkubwa wao, akanikalisha chini nyumbani kwangu mwenyewe. "Mama Mwende, kaka yetu anaisha. Watu wa kanisa wanauliza ako na ugonjwa gani. Kwani siku hizi hupiki?"

"Wifi, anapata nafuu!"

"Mtu akipata nafuu anakuwanga na mwili," akajibu, akimwekea Musyoka chapati nyingine. Naye akala! Mtu mzima, macho kwenye sahani ili asiniangalie.

Akaendelea kula hivyo hata baada ya wao kuondoka. Aliogopa kuonekana mgonjwa kuliko alivyoogopa ugonjwa wenyewe. Hasira niliyokuwa nayo sijui niipime kwa tepu gani. Juzi nikatoa kamba msumarini, nikamzungushia. Ncha ziliachana upana wa kiganja.

"Kamba imekauka ikafupika," akasema. Mwalimu wa sayansi huyo! Nikakata nyingine mpya mbele yake. Ncha zikaachana vile vile.

Kisha akachukua simu, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaisogeza tena. Mwishowe akanipa. "Nitafutie Kalunde," akasema. "Sioni majina."

Nikampigia, nikamwekea Musyoka simu sikioni. "Dada, ukikuja Krismasi, wacha chapati huko. Ukinipata nimekonda, usilie. Ukinipata na hili tumbo, lia."

Nikasikia Kalunde akianza kulia hapo hapo. Nikaichukua simu, nikamwambia akija, aje na kamba ya urefu wake.