Bingwa Asiyekunja Kidole

Saa nne na robo asubuhi kengele ya mapumziko inalia, na kabla haijanyamaza wanafunzi wa darasa la nne wameshajipanga nje ya chumba cha vitabu. Mlangoni amesimama mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mbili, aproni ya ufagizi bado kiunoni.

"Mikono," anasema, na foleni nzima inamwonyesha viganja. Wenye vumbi wanajifuta kwenye sketi na kaptula zao. Wanaingia kumikumi.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Kina dirisha moja, rafu tatu za mbao na vitabu mia nne na kumi na viwili, vingine havina majalada kabisa. Shule ina wanafunzi mia tisa na ushee, kwa hiyo hesabu ya nani anapata nini mtu anaweza kujifanyia mwenyewe.

Mvulana mmoja hapotezi muda. Anakwenda moja kwa moja kwenye rafu ya juu na kushusha kitabu kinene kuliko vyote.

"Hicho unakwenda kukisoma au kukikalia?" mwanamke anamuuliza. Wenzake wanacheka.

"Kukisoma, mama."

"Haya. Fungua katikati. Vidole."

Ni kwa sababu ya vidole hivyo shule nzima inamwita Mama Vidole, walimu wakiwemo. Kanuni yake haina mambo mengi. Mtoto anafungua kitabu katikati, anasoma ukurasa mmoja kimyakimya, na kila akikutana na neno asilolijua anakunja kidole. Akimaliza bila kukunja hata kimoja, kitabu ni rahisi, atafute kingine kama anataka. Akikunja viwili au vitatu, hicho ndicho saizi yake. Vikiisha vyote vitano kabla ukurasa haujaisha, akirudishe.

Mvulana anafuata mistari kwa macho. Hajafika nusu ya ukurasa, mkono umeshafumba.

"Ngumi hiyo. Unataka kupigana na kitabu?" Mama Vidole anamwambia, na mvulana anacheka na kukirudisha. Anachukua chembamba, cha baiskeli iliyopotea. Safari hii anakunja viwili tu.

Zamani kazi ingeishia hapo. Angeandikwa kwenye daftari la kuazima na kwenda zake. Sasa Mama Vidole anainama, anamtegea sikio. "Nong'oneza. Mistari mitatu." Mvulana anamsomea kwa sauti ambayo hata jirani yake haisikii, anajikwaa mara moja, anaendelea. Ndipo anaandikwa.

Kengele inalia tena. Wamehudumiwa kumi na wanne. Waliobaki nje wanarudi darasani mikono mitupu, na mmoja anaondoka akiburuta miguu makusudi ili aonekane.

"Nilikuwa namaliza darasa zima mapumziko moja," anasema Mama Vidole huku akifunga mlango. "Sasa nafika nusu ya nusu. Wananinunia. Wacha wanune."

Ana sababu. Sababu hiyo ni msichana wa darasa la saba ambaye yeye mwenyewe alimpa jina la Bingwa.

Mama Vidole hakuajiriwa kuwa mkutubi. Aliajiriwa kufagia, na hadi leo mshahara wake ni wa mfagiaji, theluthi moja ya ule wa mwalimu anayeanza kazi. Miaka sita iliyopita mwalimu aliyekuwa na ufunguo wa vitabu alihamishwa, na mwalimu mkuu akamkabidhi yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Akapelekwa semina ya siku tatu. Huko ndiko alikoipata kanuni ya vidole, na akaipenda kwa sababu moja.

"Utotoni kwetu kitabu ulipewa," anasimulia. "Ukikiweza, sawa. Usipokiweza, wewe ndiye mjinga. Hakuna aliyekwambia kwamba kitabu nacho kinaweza kuwa si chako. Niliposikia mtoto anafundishwa kuchagua mwenyewe, nilisema hii kazi hata bila malipo nitaifanya. Wakanisikia, wakanifanyisha bila malipo."

Bingwa alikuwa darasa la tatu alipoingia kwenye chumba hicho mara ya kwanza, mtoto mkimya, sare imenyooshwa vizuri kwa sababu bibi yake anayemlea ni fundi cherehani. Akachukua kitabu, akafungua katikati, macho yakashuka mstari kwa mstari hadi chini. Hakukunja kidole.

Mama Vidole akampa kinene zaidi. Vidole vitano vikabaki vimesimama. Akapanda rafu ya pili, kisha ya juu. Akirudisha kitabu aliulizwa kilihusu nini, na alisimulia vizuri kuliko wengi. Ndani ya miaka mitatu daftari la kuazima lilikuwa na vitabu arobaini na kimoja kwenye jina lake. Mwishoni mwa darasa la tano alisimamishwa mbele ya shule nzima akapewa cheti cha Msomaji Bora, na Mama Vidole ndiye aliyekiandika kwa mkono wake.

"Nilijiona na mimi nimetoa mtu," anasema. "Kumbe nilikuwa namvisha mtoto wa watu kilemba cha ukoka."

Msichana hakujua kusoma. Si kwamba alisoma polepole, la. Alijua jina lake, herufi kadhaa, na maneno machache mafupi. Hadithi alizozisimulia alizidaka kwa rafiki yake waliyerudi naye nyumbani, nyingine alizitunga kwa kutazama picha ya jalada. Darasani walikuwa sitini na wanane na walisoma kwa pamoja kwa sauti, yeye akifuata midomo ya wenzake. Mitihani ilikuwa ya kuweka alama kwenye jibu, naye alikaa karibu na mtu anayejua.

Na vitabu vinene alikuwa na sababu ya kuvipenda. "Kitabu chembamba mtu anaweza kukwambia hebu nisomee," alikuja kueleza baadaye. "Kinene hakuna anayekuomba. Wanakuona tu unajua."

Mambo yalifichuka mwanzoni mwa mwaka huu, na hayakufichukia shuleni.

Bibi yake, mwenye miaka sitini na tisa, anatumia dawa za presha. Kwa miaka alimeza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Kliniki ikambadilishia, ikampa vidonge vyenye nguvu zaidi, na maelekezo yakaandikwa juu ya bahasha: nusu kidonge, mara moja kwa siku. Nesi alikuwa na watu wengi. Alimuuliza kama nyumbani kuna anayejua kusoma.

"Nilimjibu kwa maringo," bibi anakumbuka. "Nikamwambia, mwanangu, mimi naishi na bingwa wa shule nzima. Cheti chake nimekitundika ukutani."

Jioni ile alimpa mjukuu wake bahasha. Msichana akaitazama, macho yakapita mstari kwa mstari kama alivyozoea. "Ni kama zile za zamani, bibi," akasema. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni."

Siku ya tatu bibi alianguka mlangoni mwa bafu. Nyonga ilivunjika. Alilazwa wodini siku kumi na moja, na siku nne za mwanzo hakumtambua mtu. Daktari alipouliza nani alisoma bahasha, msichana alisema ni yeye. Daktari akamnyooshea bahasha: "Nisomee." Msichana akasimama pale nayo mkononi mpaka daktari mwenyewe akaelewa.

Mama Vidole alikwenda hospitali na matunda, hajui lolote, amesikia tu kwamba bibi ya Bingwa ni mgonjwa. Alikuta mgonjwa ameanza kuongea. Akamwamkia, bibi akaitikia, kisha akamuuliza taratibu: "Mwanangu, wewe ndiye uliyekiandika kile cheti?"

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema Mama Vidole. "Hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Alitaka kujua tu, kwa miaka mitatu nilikuwa namsikiliza mtoto au namtazama. Nikamwambia ukweli. Nilikuwa namtazama."

Alipiga magoti kando ya kitanda akaomba radhi. Bibi akamwambia ainuke, sakafu ya hospitali ni chafu.

Mwalimu mkuu anaona mfagiaji wake anajitwisha mzigo usio wake. "Mtoto huyu amepita mikononi mwa walimu sita na wote wamempandisha darasa," anasema. "Nimemwambia aache kujitesa." Mama Vidole hataki kusikia. Walimu walikuwa na watoto sitini na wanane kwa mpigo, anasema, lakini yeye alikaa na huyu ana kwa ana, goti kwa goti, mara arobaini na moja.

Bibi amerudi nyumbani lakini si yule. Mguu wa kulia haukanyagi pedali, na cherehani imefunikwa shuka. Wanaungaunga maisha kwa kutoa vifungo na kurekebisha pindo, kazi za mkono. Utani haujaisha, hata hivyo. Mjukuu akichelewa kuleta chai anaambiwa, "Mke mwenzangu, unataka nife kwa kiu baada ya kuponea vidonge?" Bibi anacheka. Msichana hacheki.

Alikaa nyumbani wiki tano. Aliporudi shuleni wenzake walishajua kila kitu, na jina la Bingwa likageuka kuwa tusi la kumrushia akipita. Chumba cha vitabu hakukikanyaga tena. Akimwona Mama Vidole na ufagio upande huu wa uwanja, anazunguka upande wa pili.

Mama Vidole akapiga moyo konde. Kila Jumamosi alifika nyumbani kwao na mfuko wa vitabu vyembamba, vile vya darasa la kwanza na la pili, vyenye neno moja na picha moja. Jumamosi tisa. Msichana aliviangalia jinsi mtu anavyoangalia nguo alizozivaa utotoni, akaondoka kwenda kuchota maji hata ndoo zikiwa zimejaa. Mara moja tu alisema kitu: "Hivyo ni vya watoto."

"Nilidhani ni kiburi," anasema Mama Vidole. "Nikawa namlaumu moyoni. Mtoto amemponza bibi yake na bado anajali unene wa kitabu. Bibi ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia, mimi umeniomba radhi, yeye je? Umekuja hapa mara tisa kumpa dawa ya ugonjwa uliomwachia wewe, na hujamwambia hata pole."

Jumamosi iliyopita alikwenda bila mfuko. Msichana alikuwa ameketi kizingitini anafumua mshono wa suruali ya mtu kwa wembe. Mama Vidole akaketi chini karibu naye.

"Leo sina kitabu," akamwambia. "Nimekuja kukuomba msamaha. Ulikuwa mdogo, ulijificha, na mimi mtu mzima nilikusaidia kujificha."

Msichana aliendelea kufumua. Kisha akasema, bila kuinua uso: "Kidole cha kwanza kilikuwa neno la kwanza. Cha pili neno la pili. Ningekunja, vingeisha vyote mstari haujaisha. Wangenicheka."

"Najua."

"Hukujua."

"Sikujua. Sasa najua."

Bibi ndani alikohoa, labda alikuwa na kikohozi, labda hakuwa nacho. Msichana akauliza: "Na wengine, umewasikiliza?"

"Wengine gani?"

"Ambao hawakunji."

Mama Vidole alianza kunong'onezwa mwaka huu, na kwa foleni ile hajawafikia wengi. Akamuuliza anajuaje kama wapo.

"Sisi tunajuana," msichana akasema. "Mtu anayesoma kweli, macho yake hurudi nyuma. Sisi macho yetu yanakwenda mbele tu."

Akawataja, mmoja mmoja, kwa jina na darasa. Watatu wa darasa la tano, wawili la sita, wawili la nne. Mmoja wao ndiye aliyepewa cheti cha Msomaji Bora mwaka uliofuata. Mama Vidole hakuwa na karatasi, akawaandika kwenye kiganja kwa chaki ya fundi ya bibi.

"Usiwaite mbele ya watu," msichana akamwambia. "Mimi nisingekuja."

"Sitawaita. Wako saba?"

"Ukinihesabu, wanane."

Mwalimu mkuu amekubali kumwachia ufunguo hadi saa kumi na moja jioni. Jumatatu, akimaliza kufagia madarasa, Mama Vidole ataanza na wanane hao, mmoja baada ya mwingine, mlango umefungwa, herufi kwa herufi. Hakuna atakayeandikwa kwenye daftari la kuazima mpaka amemsomea kitabu kizima sikioni. Vyeti ameviacha.

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi uko wiki kumi na moja mbele, na Bingwa ni darasa la saba. Mama Vidole hamung'unyi maneno.

"Huo hatapita," anasema. "Wiki kumi na moja hazimfikishi. Aliniuliza siku ileile, pale kizingitini, mama, nitafaulu? Nikamwambia hapana, hutafaulu. Akanitazama usoni, mara ya kwanza mwaka huu. Akasema basi Jumatatu atakuja, kwa sababu safari hii sijamdanganya."