Kakao ya Rébecca

Ungemwona Kaswera anavyosali, ungesema watakatifu wote wa kalenda ni jamaa zake. Ndiye présidente wa shirika letu hapa Beni, yaani ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki majirani wanaosali pamoja kila Alhamisi jioni, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Ukichelewa hasemi kitu. Anakutazama tu, na dhambi zako zote zinakurudia kichwani.

Halafu mwaka jana akaacha kukomunika, yaani kupokea ekaristi. Jumapili baada ya Jumapili sisi tunapanga mstari, yeye amebaki kwenye benchi. Tukimuuliza, anasema ana tumbo. Tumbo gani hilo linaloijua Jumapili? Mimi sikuliamini hata kidogo, na sikunyamaza.

Yanayofuata alitusimulia mwenyewe, kwa hiyo siyo umbea.

Shamba lake la kakao liko njia ya Mangina, limepakana na la Rébecca, rafiki yake tangu usichana na marraine, mama wa ubatizo, wa binti yake mkubwa. Waasi walimuua mume wa Rébecca palepale shambani. Rébecca akakimbilia Butembo kwa shangazi yake, na siku ya kuachana Kaswera alimshika mikono akamwambia atamchungia shamba.

Hali ilipotulia kidogo, watu wakaanza kwenda mashambani mchana na kurudi mapema. Kaswera alikuta wezi wamemvunia yote, hata mbichi hawakuacha. Ya Rébecca, iliyo upande wa ndani, hawakuifikia. Miti ilikuwa ya njano kwa matunda yaliyoiva, kutoka chini hadi juu. Na nyumbani Muyisa, mume wake, alikuwa amelazwa na mgongo, watoto wanakula mboga ya sombe bila ugali wa fufu. Kaswera akajiambia itaoza bure. Akajiambia Rébecca mwenyewe angempa. Labda angempa, lakini simu ilikuwa mfukoni na hakumpigia. Akavuna, akapasua, akazifunika mbegu kwa majani ya ndizi mpaka zikachacha, akazianika nyuma ya nyumba, akauza. Watoto wakashiba.

Rébecca alipopiga simu kuuliza shamba, Kaswera alimjibu, "Batu bamevuna yote, dada. Yangu na yako."

Akadhani yameisha. Kumbe Rébecca alikuwa anarudi. Alikuja kuishi Beni kwa kaka yake Phinées, na kabla ya kufungua hata mizigo akamwomba Phinées ampeleke shambani. Jumatano mchana akaingia jikoni kwa Kaswera na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na maganda makavu ya kakao.

"Mwizi alipasulia palepale kwangu," alisema. "Kesho kutwa ninapeleka hii maganda kwa mufumu. Ule mutu atavimba tumbo, ye na batoto yake. Unisindikize."

Kaswera aliendelea kumenya ndizi. "Rébecca, siye tuko bakristu."

"Nilisali, Kaswera. Bwana yangu alikufa, nikasali. Nililala chini kwa shangazi, nikasali. Lakini hii, hapana. Mungu ananyamazaka sana. Mufumu, yeye anajibuka."

Hapo kisu kikamponyoka. Laana ya yule mganga aliiogopa, asikudanganye mtu. Alikuwa na watoto wanne. Lakini kilichomkata maini ni kingine. Mauaji hayakumng'oa Rébecca kwa Mungu, ukimbizi haukumng'oa, na sasa anang'oka kwa sababu ya mtu aliyemshika mikono akamwahidi. Alitaka kusema palepale, mdomo ukakataa. Rébecca alipoondoka, Kaswera alichukua rozari na hakuvuka hata shanga ya kwanza. Alibaki anarudia maneno yake mwenyewe, "Bwana, unipe kinywa tu. Aibu nitabeba mwenyewe."

Alhamisi ilikuwa zamu ya nyumba yake. Tulijaa sebuleni, Rébecca kati yetu, Muyisa ameegemezwa kwenye mto wa kulalia. Tulisoma, tukaimba, tukasimama kwa Baba Yetu tumeshikana mikono kama kawaida. Kaswera ndiye huanzisha. Hakuanza. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mkono wa Rébecca.

"Kakao yako," alisema, "ni mimi nilivuna. Hapana wezi. Njo mimi. Kesho usiende kule, nakuomba. Ukitaka kulaani, unilaani hapa, mbele yao."

Muyisa alifunika uso. Hata yeye hakuwa anajua alikula nini. Sisi wengine tulitafuta pa kuweka macho tukakosa. Mimi na maneno yangu yote ya tumbo nilikauka.

Tulingoja kofi, au mlango kubamizwa. Rébecca hakuuachia ule mkono.

"Anzisha," alisema.

Kaswera akaanzisha kwa sauti iliyopasuka, tukafuata. Tulipofika pale pa kusamehe waliotukosea, Rébecca akakaza mkono, akanyamaza. Tukanyamaza wote.

"Mie sijafika pale," alisema. "Mungoje."

Tukangoja. Mwishowe akatikisa kichwa, tukamalizia bila yeye. Lakini kwa mufumu hakwenda. Maganda aliyatia motoni jikoni kwa Kaswera, akaenda zake bila kuaga.

Tangu siku ile Kaswera huenda naye shambani, wakipalilia mistari miwili bila kuongea. Alikwenda kwa padri kuungama, anakomunika tena, kichwa chini. Cheo cha présidente alitaka kukiacha, tukamkatalia. Na kila Alhamisi Baba Yetu yetu inasimama palepale pa kusamehe. Tunamngoja Rébecca, kisha tunaendelea bila yeye.

Alhamisi iliyopita alisema, "Kama na siye..." akakwama hapo. Kaswera alilia mbele yetu wote, na Rébecca bado alikuwa amemshika mkono.